NJIA ZA BAISKELI ZISIZOPITA MAGARI HUKO UFARANSA

Ndugu msomaji, je, umewahi kuendesha baiskeli kwenye barabara kuu ya lami? Kama umewahi, basi shida yake unaijua. Basi linakuja nyuma linapiga honi, wewe unateremkia kwenye mchanga pembeni. Lori linapita, upepo wake unakuyumbisha wewe na mzigo wako. Siku nyingine mtu anashukuru tu kwamba amefika nyumbani.

Watu wa Ufaransa nao wanaijua shida hiyo. Ufaransa ni nchi ya Ulaya, na watu wake wanapenda sana baiskeli. Mashindano makubwa ya baiskeli yaitwayo Tour de France yalianza huko mwaka 1903. Lakini Ufaransa ni nchi ya magari mengi pia. Kwa hiyo wametenga njia za pekee, mbali na barabara, ambazo gari haliruhusiwi kupita. Pikipiki nayo hairuhusiwi. Njia hizo hupita mashambani, misituni na kando ya mito. Mtu anaweza kusafiri kwa baiskeli siku nyingi, kutoka wilaya hii mpaka wilaya ile, huku akisikia ndege badala ya honi.

Katika makala hii tutaeleza njia hizo zimetoka wapi na watu wanazitumiaje. Tutaeleza pia kwa nini wengine wanazilalamikia.

NJIA YA KIJANI NI NINI?

Kwa Kifaransa njia ya namna hii huitwa voie verte. Maana yake ni njia ya kijani. Si kwamba imepakwa rangi, hapana. Huitwa hivyo kwa sababu hupita penye miti na majani.

Sheria ya barabarani ya Ufaransa iliitambua njia ya kijani mwaka 2004. Sheria inasema kwamba njia hiyo ni ya vyombo visivyo na injini, ya watu wanaotembea kwa miguu, na ya wapanda farasi. Penye mwanzo wa njia huwekwa kibao cha bluu chenye picha ya mtu anayetembea na picha ya baiskeli. Ukikiona kibao hicho, unajua kwamba hutakutana na lori mbele.

Siku hizi kuna baiskeli za umeme. Hizo zina mota ndogo inayomsaidia mtu anapokanyaga pedali. Mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, mota inaacha kusaidia. Sheria inaihesabu hiyo kuwa ni baiskeli, si pikipiki. Basi inaruhusiwa. Watu wazima wengi ambao magoti yamechoka wamerudi kwenye baiskeli kwa sababu hiyo.

Lakini tuelewane hapa. Kuna njia ndefu zinazovuka nchi, nazo huitwa véloroute, yaani njia ya safari ya baiskeli. Hizo ni mchanganyiko. Kipande kimoja ni njia ya kijani, kipande kingine ni barabara ndogo ya kijijini ambayo magari hupita machache. Mfano ni ile inayofuata mto Loire. Ina urefu wa kilomita 900 hivi, kutoka karibu na mji wa Nevers mpaka bahari ya Atlantiki. Njia hiyo imo ndani ya njia nyingine ndefu zaidi, inayoanzia Atlantiki na kwisha Bahari Nyeusi, huko Romania. Sasa mtu akisikia kilomita 900 asidhani kwamba zote hazina magari. Sehemu kubwa ni shwari, lakini zipo sehemu ambazo ni lazima ukae macho.

RELI ZILIZOKUFA

Pengine utauliza: ardhi ya kutengeneza njia ndefu namna hiyo waliipata wapi? Je, waliwanyang'anya wakulima mashamba? La, sivyo. Nyingi ya njia hizi zilikuwako tangu zamani, ila zilikuwa njia za vitu vingine.

Tuanze na reli. Mwaka 1879 serikali ya Ufaransa ilianza mpango mkubwa wa kujenga reli ndogo ndogo. Waziri aliyeuongoza aliitwa Freycinet. Alitaka treni ifike katika miji midogo yote, siyo miji mikubwa tu. Basi reli zikajengwa vijijini. Treni zikabeba divai, ng'ombe, mawe, makaa ya mawe, barua na watu. Stesheni ndogo zikajengwa, kila moja na saa yake ukutani.

Halafu magari yakaja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mabasi na malori yaliongezeka mwaka hadi mwaka. Mtu akaona ni rahisi basi limchukue mlangoni kuliko kwenda stesheni. Treni za vijijini zikaanza kwenda tupu. Reli zikafungwa moja baada ya nyingine. Vyuma viling'olewa na mataruma yakachukuliwa. Miiba ikaota.

Lakini si kila kitu kiliondoka. Tuta lilibaki, madaraja yalibaki, na mahandaki yaliyotobolewa ndani ya vilima yalibaki pia. Na hapa ndipo penye jambo la maana kwa mwenye baiskeli. Treni ni nzito na magurudumu yake ni ya chuma, kwa hiyo haiwezi kupanda mlima mkali. Waliojenga reli walitafuta njia isiyopanda sana, mara nyingi si zaidi ya meta 3 kwa kila meta 100. Penye kilima walichimba. Penye bonde walijaza udongo au wakajenga daraja. Kazi hiyo ngumu ilifanywa na watu waliokwisha kufa zamani, na leo anayeifaidi ni mwendesha baiskeli. Anapita katikati ya nchi ya vilima bila kushuka na kukokota.

Njia ya kijani ya kwanza ya namna hii nchini Ufaransa ilifunguliwa mwaka 1997 katika jimbo la Burgundy, kutoka mji mdogo wa Givry mpaka Cluny. Urefu wake ni kilomita 44. Ni nchi ya mizabibu. Njia hupita kando ya vijiji kama Buxy, Saint-Gengoux-le-National na Cormatin, tena imetiwa lami nyororo. Cluny penyewe palikuwa na nyumba kubwa ya watawa katika zama za kale, na watu wengi huja kuona mabaki yake.

Baadaye njia hiyo iliendelezwa kusini mpaka karibu na mji wa Mâcon. Huko kuna kilima, na ndani ya kilima lipo handaki la zamani la treni liitwalo Bois Clair. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 1 na nusu. Ndani kuna baridi hata siku ya jua kali, na mtu huvaa sweta kabla hajaingia. Lakini handaki hilo halipitiki mwaka mzima. Wakati wa baridi hufungwa, kwa sababu popo hulala humo miezi hiyo. Popo wakiamshwa katikati ya baridi hutumia nguvu waliyoiweka mwilini, na chakula hakuna, kwa maana wadudu hawaruki. Wengi watakufa. Basi wakati wa baridi mwendesha baiskeli hupanda barabara inayopita juu ya kilima, akihema, popo wakiwa wamelala chini yake.

Karibu na mji wa Bordeaux ipo njia nyingine iliyokuwa reli, inayokwenda mpaka Sauveterre-de-Guyenne. Imepewa jina la Roger Lapébie, mtu aliyeshinda Tour de France mwaka 1937.

Na ardhi ni mali ya nani? Mahali pengi ardhi hubaki kuwa ya reli, na wilaya hupewa kazi ya kuitunza tu. Maana yake ni kwamba treni ikihitajika tena, njia ipo. Kama tuta lingekatwakatwa na kuuzwa vipande vipande, huyu ajenge nyumba na yule apande mahindi, kulirudisha kungekuwa kazi ngumu mno. Kwa maoni yangu hili ni jambo la busara kuliko yote katika mpango huu, ingawa wageni wanaopita hapo hawalijui.

MIFEREJI NA FARASI

Kabla ya reli, mizigo ya Ufaransa ilisafiri kwa maji. Palipokuwa hapana mto wa kutosha, watu walichimba mfereji. Mfereji maarufu kuliko yote ni ule wa kusini, Canal du Midi. Ulichimbwa kuanzia mwaka 1666 mpaka 1681, chini ya uongozi wa Pierre-Paul Riquet. Yeye mwenyewe hakuuona umekwisha, alifariki mwaka 1680. Mfereji huo una urefu wa kilomita 240, kutoka mji wa Toulouse mpaka bahari ya Mediteranea. Katika karne ya 19 walichimba mwingine, Canal de Garonne, wenye kilomita 193, kutoka Toulouse kuelekea upande wa Bordeaux. Hivyo mashua iliweza kutoka bahari moja mpaka nyingine bila kuzunguka nchi ya Hispania.

Zamani tishari halikuwa na injini. Lilivutwa kwa kamba. Farasi alitembea ukingoni, kamba ndefu nyuma yake, na tishari likamfuata majini polepole. Kwa hiyo kando ya kila mfereji ilibidi pawe na njia ya farasi. Njia hiyo ndiyo inayotumiwa na baiskeli leo.

Njia ya mfereji ni tambarare kuliko hata ya reli. Sababu ni maji. Maji ya mfereji hayateremki kama ya mto, yametulia. Panapokuwa na mteremko hujengwa malango mawili. Tishari huingia katikati, lango la nyuma hufungwa, maji hupunguzwa, nalo tishari hushuka taratibu mpaka likae sawa na maji ya chini. Kisha lango la mbele hufunguliwa. Wakati wa kupanda, maji huongezwa. Basi mwenye baiskeli hutembea kilomita kadhaa bila mlima wowote, akifika penye lango anapanda au kushuka meta chache, halafu ni tambarare tena. Karibu na malango zipo nyumba ndogo za watunzaji. Nyingine sasa ni mahali pa kupata kahawa au kulala.

Penye mji wa Agen kuna ajabu moja. Mfereji unakutana na mto Garonne, nao hauwezi kuingia mtoni. Kwa hiyo walijenga daraja la mawe lenye matao 23, na juu ya daraja hilo wakapitisha mfereji wenyewe. Mto uko chini, mfereji uko juu, mashua zinapita hewani. Daraja lina urefu wa zaidi ya meta 500, na kando ya maji kuna njia ya kupita watu na baiskeli.

Kilichoua biashara ya mfereji huo ni reli. Canal de Garonne ulikamilika mwaka 1856, na wakati huohuo reli ya kutoka Bordeaux mpaka bahari ya kusini ilikuwa inakamilika. Mwaka 1858 kampuni ya reli ikapewa kuukodi mfereji. Wewe fikiri tu, mwenye reli amekabidhiwa mfereji wa mshindani wake! Aliitunza biashara ipi? Ya reli, bila shaka.

Huko magharibi, Brittany, upo mfereji wa Nantes mpaka Brest, wenye kilomita 360 hivi. Ulianzishwa wakati wa Napoleon kwa sababu za vita. Manowari za Waingereza zilifunga bahari, na Brest ilikuwa bandari ya jeshi. Basi ilitakiwa njia ya ndani ya nchi ya kupeleka vitu. Penye kijiji cha Glomel kilima kilipasuliwa kwa sururu na mapauro, kuanzia mwaka 1823 mpaka 1832, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wafungwa. Mfereji ulipokwisha, mwaka 1842, vita vilikuwa vimekwisha siku nyingi. Leo watu wanapita hapo na baiskeli, wanakula mkate na jibini ukingoni.

LIKIZO YA MWAKA 1936

Wafaransa walianza lini kusafiri kwa baiskeli kwa ajili ya kupumzika tu? Mtu mmoja aliyewafundisha wengi ni Paul de Vivie wa mji wa Saint-Étienne. Alizaliwa mwaka 1853. Alikuwa na gazeti la waendesha baiskeli, akajaribu gia za kila namna, akawaeleza watu kwamba baiskeli inaweza kumpeleka mtu mbali sana bila kumwumiza kama anakula vizuri na kupumzika kabla hajachoka. Alifariki mwaka 1930, baada ya kugongwa na tramu mjini kwake.

Lakini kwa wafanyakazi wa kawaida, mwaka mkubwa ni 1936. Mwaka huo, baada ya migomo mikubwa, sheria iliwapa wafanyakazi wote likizo ya majuma mawili yenye malipo. Wengi walikuwa hawajawahi kuondoka mjini. Gari hawakuwa nalo, baiskeli walikuwa nayo. Wakafunga hema kwenye keria na kuondoka. Wengine walipanda baiskeli ya watu wawili, mume mbele na mke nyuma. Wengine waliiona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Barabara za wakati ule zilikuwa tupu. Baada ya Vita Kuu ya Pili magari yakajaa, na barabara zikawa si za baiskeli tena. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidhani kwamba njia ya kijani ni starehe mpya iliyozuliwa na matajiri. Kwa watu wengi ni kurudishiwa kitu walichokuwa nacho.

WANASAFIRIJE?

Msafiri wa kawaida huenda kilomita 40 hadi 70 kwa siku. Mwenye watoto huenda pungufu. Mizigo huwekwa kwenye mifuko miwili inayoning'inia kando ya gurudumu la nyuma. Ndani yake mna nguo, hema pengine, pampu, tyubu ya akiba, viraka na solusheni. Pancha haijui mzungu wala nani, inampata kila mtu.

Usiku wengine hulala kwenye viwanja vya kupiga hema. Viwanja vingine ni mali ya halmashauri ya kijiji, na bei yake si kubwa. Wengine hulala katika nyumba za wageni. Kuna alama maalumu inayobandikwa mlangoni kwa nyumba zinazopokea wenye baiskeli. Ili kuipata alama hiyo, nyumba iwe si mbali zaidi ya kilomita 5 kutoka njiani, iwe na mahali salama pa kufungia baiskeli, na iwe na vifaa vya kutengenezea. Na maji ya kunywa je? Wasafiri wazoefu huyatafuta makaburini. Usishtuke. Makaburi mengi ya vijijini huko yana bomba la kumwagilia maua, na mara nyingi maji yake ni safi. Ila msomaji wa vibao ana faida hapa, maana penye maji yasiyonyweka huwa wameandika.

Tena asiyejua hujikuta na njaa. Maduka mengi ya vijijini hufungwa saa za mchana, na mengine hayafunguliwi Jumatatu. Mkate hununuliwa asubuhi.

WANAOLALAMIKA

Si wote wanaozifurahia njia hizi. Wakulima wengine wanasema njia imekata mashamba yao na trekta inangoja watoto wapite. Mahali pengine wameruhusiwa kuvuka, au hata kupita kipande kifupi. Wanaotembea kwa miguu huwalalamikia wenye baiskeli wanaokwenda kasi bila kupiga kengele. Wenye baiskeli huwalalamikia wenye mbwa. Na wapo wazee wanaosema wazi kwamba wangependa treni irudi kuliko kuona wageni wakipita na mifuko yao. Nadhani wazee hao wana haki ya kusikilizwa. Asiye na gari kijijini, naye hawezi tena baiskeli, njia ya kijani haimfikishi hospitali.

Kuna na jambo la miti. Kando ya Canal du Midi ilipandwa miti mikubwa iitwayo platani, kama 42,000. Kivuli chake ndicho kilichowavuta wasafiri, na mizizi yake ilishika kingo zisibomoke. Mwaka 2006 iligunduliwa kwamba miti hiyo ina ugonjwa wa kuvu. Inaaminika kwamba kuvu hiyo ilifika Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndani ya mbao za masanduku ya risasi kutoka Marekani. Dawa ya kuuponya mti haijapatikana. Mti ulioambukizwa hukatwa na kuchomwa, pamoja na majirani zake, kwa sababu ugonjwa hupita kwenye mizizi na kwenye maji, hata kwa kamba ya mashua iliyofungwa kwenye shina. Ndiyo maana wenye mashua wanakatazwa kufunga kamba mtini.

Maelfu ya miti imekwisha kukatwa. Sehemu nyingine za mfereji sasa ziko jua tupu, na mwendesha baiskeli hufunga kitambaa kichwani. Wamepanda miti mingine badala yake, tena ya aina mbalimbali, ili ugonjwa mmoja usije ukaimaliza yote kwa pamoja. Miche hiyo bado midogo, imefungiwa vijiti, na kivuli chake kitangoja miaka mingi.